Kandili ya kwanza ni ya kuchezea

Mlango wa sakafuni umejifunga kwa kishindo, na juu ya kichwa chako mtu anakaza komeo. Una kandili ya shaba, kamba, kisu, gunia la chakula, chupa ya maji na upanga. Upanga wenyewe umeanza kung'aa samawati hafifu, maana yake adui yuko chumba cha jirani. Hakuna picha ya kutazama wala kitufe cha kubonyeza. Kuna mistari michache ya Kiingereza, na chini yake alama ya > inayosubiri uandike.

Hapo ndipo wengi wanapoufunga Zork, mchezo wa kompyuta unaochezwa kwa maandishi, wasirudi tena.

Kwa wiki kadhaa sasa swali moja limenikaa kichwani: anayeanza mchezo huu leo, peke yake, kwenye simu, asaidiwe kiasi gani? Ukimpa orodha kamili ya amri, atafika mwisho bila kucheza. Ukimwacha hivi hivi, atakwama Cellar, chumba cha chini ya nyumba, aseme michezo ya maandishi ni ya wazee wa kompyuta, arudi kwenye mpira.

Nazungumzia Zork I, toleo la kampuni ya Infocom la mwaka 1980. Michezo mingi ya maandishi iliyokuja baadaye imerithi tabia zake, kwa hiyo ukiuzoea huu, mingine itakupokea.

## Kabla ya amri ya kwanza

Faili la mchezo halifiki kilobaiti 100. Picha moja tu ya WhatsApp inaweza kuwa kubwa kuliko hapo. Ukishalipakua huhitaji bando tena. Kwenye kompyuta liendeshe kwa programu ya Frotz. Ukitaka kucheza ndani ya kivinjari, iko Parchment. Mwaka 2025 Microsoft, ambayo sasa ndiyo mmiliki wa haki za Infocom, iliuweka wazi msimbo wa Zork zote tatu kwa leseni ya MIT, hivyo anayependa kuona mitambo ndani ya ukuta anaweza kuusoma.

Kwenye simu, zima kwanza usahihishaji wa maneno. Kibodi iliyozoea Kiswahili itageuza LAMP kuwa neno lake, na utamlaumu mchezo bure.

Kisha andika SCRIPT. Amri hiyo inaanza kunakili kila kinachopita kwenye skrini na kukiweka katika faili. Wachezaji wapya huiruka kwa sababu hawajui watahitaji kukumbuka nini. Watahitaji kukumbuka karibu kila kitu.

Na tafuta karatasi. Karatasi kubwa, penseli, kifutio.

Mchezo unasoma herufi sita za mwanzo tu za kila neno, kwa hiyo LANTERN na LANTER kwake ni kitu kimoja. Mwelekeo ni herufi: N, S, E, W, na NE, SW na wenzao, pamoja na U kupanda na D kushuka. L ni kutazama tena ulipo, I ni kuona mzigo ulionao. VERBOSE iandike mwanzoni kabisa, ili kila ukirudi chumbani upewe maelezo kamili badala ya jina peke yake. Ukikosea tahajia, mchezo unasema haulijui neno na zamu haihesabiwi. Kwa hiyo jaribu maneno bila woga. WAIT ni tofauti: neno hilo moja hula hadi zamu tatu, na kandili inaendelea kuwaka.

## Nyumba nyeupe

Unaanzia West of House, penye sanduku la barua. Lifungue, soma kipeperushi, uache hapo.

Sasa nenda N. Umefika North of House. Jaribu kurudi kwa S: haiwezekani, kuna ukuta na madirisha yaliyopigiwa mbao. Njia ya kurudi ni W. Chora hilo sasa hivi, kwa sababu ndilo somo la kwanza la ramani na halikugharimu kitu: katika Zork njia hupinda. Kwenda kaskazini hakukuhakikishii kwamba utarudi kwa kusini. Kwenye ramani kila mstari uwe na herufi mbili, moja kila ncha.

Kutoka North of House, N tena, kisha U. Uko juu ya mti, na kwenye kiota kuna yai lililopambwa kwa vito. Kulichukua ni pointi 5. Usilifungue. Usilipige, usilitupe, usijaribu kwa kisu. Nitalirudia.

Shuka, S, kisha E, na uko nyuma ya nyumba. Kuna dirisha lililo wazi kidogo. OPEN WINDOW, kisha W. Umeingia jikoni na umepata pointi 10. Chumba cha magharibi ni sebule: kabati la vioo la hazina, upanga, kandili, zulia. Fungua kabati, weka yai, pointi 5 nyingine. Hazina nyingi hulipa mara mbili namna hiyo, ukiichukua na ukiiweka kabatini, ndiyo maana anayelimbikiza vitu mfukoni anaona pointi zake hazisogei. Zote kwa jumla ni 350, na hazina za kabatini ni 19.

Darini, juu ya jikoni, kuna giza. Washa kandili, panda, chukua kamba na kisu, shuka, zima kandili. Hatua hizo mbili za mwisho, shuka na zima, zinasahaulika mno.

Kisha vua mzigo wote.

Wote, isipokuwa kandili.

## Shuka mikono mitupu

Kama ningepewa nafasi ya kumwambia mchezaji mpya jambo moja tu, ningemwambia hili, na sijui kwa nini miongozo mingi inalipita kimya. Mara ya kwanza kushuka, shuka na kandili peke yake. Upanga uache sebuleni.

Sababu iko kwenye ramani. Cellar ina jitu lenye shoka upande wa kaskazini. Magharibi kuna utelezi usiopandika. Mlango uliokuletea umefungwa kwa juu. Kusini kuna East of Chasm, mashariki yake Gallery yenye mchoro wa thamani, na kaskazini ya Gallery ni Studio, ambayo ina dohani inayopanda hadi jikoni. Dohani ni nyembamba. Inakupitisha ukiwa na kandili na kitu kimoja kingine, basi. Ukiwa na upanga, kamba, kisu, gunia na chupa, haikupitishi, na mchezo haukuambii ni vitu vingapi uache.

Huyo ndiye mtu wa pale juu, mwanzoni mwa makala. Alijiandaa vizuri kupita kiasi. Kila kitu alichokikuta alikibeba, kama michezo ya siku hizi ilivyomzoesha, na sasa njia iliyobaki ni kupigana na jitu kabla hajajua hata kupigana kunaandikwaje.

Kwa hiyo: sogeza zulia kwa MOVE RUG, OPEN TRAP DOOR, TURN ON LAMP, D. Pointi 25 kwa kufika Cellar. S, E, TAKE PAINTING, pointi 4. N, U. Uko jikoni. Zima kandili, weka mchoro kabatini, pointi 6. Una 55, hujapigana na mtu, na una ramani ya vyumba vinne vya chini.

Sasa andika SAVE, faili lipe jina lenye namba, uchukue upanga.

## Jitu

ATTACK TROLL WITH SWORD. Rudia.

Matokeo ni ya bahati, lakini bahati yenyewe ina vipimo, na kuvijua kunapunguza hasira. Nguvu zako za kupigana zinatokana na pointi: unaanza na 2, na takriban kila pointi 70 zinakuongezea moja hadi ufike 7. Jitu lina 2. Upanga ndio silaha inayolipunguzia nguvu, kwa hiyo pambano mnalikaribia sawa. Mwizi ana 5, na silaha inayomdhoofisha yeye ni kile kisu cha darini, si upanga.

Ndiyo maana mwizi akikutokea mapema usimshambulie. Mwache aibe. Atazurura vyumba vya chini, atakunyang'anya hazina, atacheka. Nyumbani kwako haingii, na kilichomo kabatini kiko salama. Utamfuata ukishakuwa na pointi.

Ukijeruhiwa, andika DIAGNOSE. Itakuambia hali yako na zamu zilizobaki upone. Jeraha pia linapunguza uzito unaoweza kubeba, jambo linalowachanganya watu: jana alibeba vitu saba, leo mchezo unasema mzigo umezidi, naye anadhani programu imeharibika. Subiri upone, juu, kandili ikiwa imezimwa.

## Giza

Gizani kuna kiumbe kiitwacho grue. Hakionekani, na hakuna silaha dhidi yake.

Ila kina kanuni. Kinakushambulia ukitoka chumba chenye giza kwenda kingine chenye giza, na hapo uwezekano wa kuliwa ni mkubwa, kama mara 8 kati ya 10. Ukisimama ulipo hakikugusi. Ukirudi chumba chenye mwanga hakikugusi. Kwa hiyo ukiingia gizani kwa bahati mbaya, usikimbilie mbele. Rudi ulikotoka, au washa kandili. Anayeogopa hukimbia, na anayekimbia ndiye anayeliwa.

Kandili inaisha. Inaanza kufifia, inafifia zaidi, inakaribia kuzimika, inazimika, na mchezo unakutangazia kila hatua. Betri mpya ya kuitia hakuna. Inaisha hata ikiwaka juani, msituni, jikoni. Hapo ndipo mchezaji mpya anapobanwa: kuchunguza kunahitaji muda, na muda ndio mafuta ya kandili. Akisoma kila kitu kwa makini, giza linamkuta njiani. Akikimbia, hajui alipopita.

Kubana huko kuna jibu moja tu ninalolikubali. Kubali tangu mwanzo kwamba mchezo wa kwanza hautaushinda. Itumie kandili ya kwanza yote kuchora. Usiihurumie, usijali pointi, usijali mwizi amechukua nini. Ikizimika, anza upya, mkononi ukiwa na ramani.

Kwa mtu aliyezoea kuhifadhi na kuendelea, ushauri huo unaudhi. Nauelewa udhi huo.

## Mchoro wa ramani unapokataa

Sehemu kubwa ya ramani inachorwa bila shida: kisanduku kwa kila chumba, jina ndani, vitu vilivyomo kwa herufi ndogo. Tatizo ni magharibi ya jitu, kwenye vichochoro ambavyo maelezo yake yanafanana neno kwa neno. Huko majina hayasaidii.

Njia ya zamani ni kudondosha kitu tofauti katika kila chumba: hapa chupa, pale gunia, kule kipeperushi. Kisha jaribu kila mwelekeo na uandike umetokea kwenye kitu gani. Inafanya kazi, ila mwizi naye hupita humo, na huviokota au kuvihamisha vitu vyako. Utasikia sauti kutoka mbali ikishangaa kitu chako kinafanya nini pale. Ukiisikia, kisanduku kimoja kwenye ramani yako hakiaminiki tena. Weka alama ya kuuliza, ukirudie. Anayeendelea kuchora baada ya sauti ile hupata vichochoro visivyokuwepo.

Ndani ya vichochoro hivyo kuna mifupa ya msafiri, na pembeni yake mfuko wa sarafu na ufunguo. Chukua sarafu na ufunguo. Mifupa usiiguse: mzuka utakulaani na hazina ulizobeba zitapelekwa nchi ya wafu.

## Kufa

Kila kifo kinakata pointi 10. Mara mbili za kwanza kwa kawaida unafufuliwa msituni na vitu vyako vinatawanywa. Kandili uliyokuwa nayo utaikuta sebuleni. Mara ya tatu mchezo umekwisha. Mgeni siku mbili, na waliotunga Zork hawakuwa na jembe la kukupa siku ya tatu.

Katika mchezo wa kuchora, kifo ni taarifa. Andika kwenye karatasi: chumba gani, amri gani, ulibeba nini.

## Yai, na swali la haki

Sasa yai. Ndani yake kuna ndege wa mashine, naye ni hazina. Wewe huwezi kulifungua. Ukijaribu kwa nguvu litafunguka na kuharibika, ndege naye ataharibika, na pointi 350 hazipatikani tena katika mchezo huo. Mwenye mikono ya kulifungua ni mwizi. Inabidi uache akuibie, umsubiri, kisha umfuate pangoni kwake umuue ulichukue likiwa wazi.

Hapa ndipo niliposita kwa muda mrefu. Mchezo unaweza kuwa umekwisha na usikuambie. Utaendelea saa tatu ukikusanya, kumbe mlango wa mwisho ulishafungwa kwenye kile kiota. Je, hiyo ni haki kwa mtu mpya?

Kwa mtu mpya aliye peke yake, nadhani si haki.

Lakini Zork haukutungwa kwa ajili ya mtu aliye peke yake. Tim Anderson, Marc Blank, Bruce Daniels na Dave Lebling waliuanza katika chuo kikuu cha MIT mwaka 1977 kwenye kompyuta ya PDP-10 iliyotumiwa na wengi, na watu wengine waliingia kuucheza kupitia mtandao wa ARPANET. Mmoja alifia gizani, mwingine akajua. Watungaji waliwaona wachezaji wakihangaika na wakaurekebisha mchezo huku ukichezwa. Yai lile lilikuwa fumbo la kijiweni: la kubishania, la kumwambia mwenzako "jaribu kumpa mwizi".

Infocom walipouhamishia kwenye kompyuta za nyumbani, kijiwe kilibaki nyuma. Pengo hilo lilionekana haraka. Mike Dornbrook alianzisha Zork Users Group, iliyouza ramani na baadaye vijitabu vya InvisiClues: maswali yamechapwa waziwazi, majibu yamechapwa kwa wino usioonekana, na kalamu maalumu ya kuufichua. Kila swali lilikuwa na vidokezo kadhaa, cha kwanza hafifu, cha mwisho jibu lenyewe. Yalikuwemo na maswali ya uongo, ili anayechungulia asijue lipi ni la kweli.

Kilichobadilisha mawazo yangu ni hapo. Nilikuwa naona msaada ni udanganyifu wenye aibu kidogo. Kumbe msaada wa ngazi kwa ngazi ulikuwa sehemu ya mchezo tangu ulipotoka chuoni. Mchezaji wa leo anayekataa kila kidokezo anashindana na kitu ambacho hata wa mwanzo hawakukabili hivyo.

Kwa hiyo tafuta vidokezo vya ngazi, acha mwongozo mzima. Soma kimoja, funga, rudi ujaribu kwa kandili nzima kabla ya kusoma cha pili. Ukiwa na mwenzako anayecheza, mwenzako ni bora kuliko kijitabu chochote. Chezeni mbali mbali, mlinganishe ramani. Mnapotofautiana, mmoja wenu amepigwa chenga na mwizi.

## Kandili ya pili

Mchezo wa pili una mpango. Yai, nyumba, dari, mchoro kwa dohani, jitu. Kisha, kabla ya kitu kingine chochote, mwenge.

Kutoka chumba cha jitu nenda E, E hadi Round Room, SE, E. Uko Dome Room, penye ukingo wa mbao na shimo. TIE ROPE TO RAILING, D. Chini kuna mwenge wa pembe za ndovu unaowaka na hauishi. Ni hazina pia, pointi 14 kwa kuuchukua. Ukishaushika, zima kandili. Ibebe hiyo hiyo, imezimwa, kwa sababu mwizi akiupenda mwenge wako utabaki gizani na amri moja tu ya kukuokoa.

Kandili utaihitaji mgodini. Mwenge ni moto wa wazi na hauzimiki, na Gas Room imejaa gesi. Katika chumba cha kabla yake unasikia harufu mbaya ikitoka upande wa ngazi. Hilo ndilo onyo lote utakalopata.